Neno la Kiingereza, Mahali Pake na Wakati Wake

Mtoto amalizaye shule ya msingi ya Serikali pale Butimba, katika Mwanza, amefundishwa kwa Kiswahili. Akiingia sekondari, vitabu vyake karibu vyote ni vya Kiingereza. Wengi hujitahidi kuhifadhi maana ya kila neno kwa moyo. Kazi hiyo ni njema, lakini haitoshi. Leo twataka kuonyesha ya kuwa neno la Kiingereza hujulikana kwa mahali lilipokaa, na kitendo hujulikana kwa wakati wake.

Na tuanze na wavuvi wa ziwa letu, ambao huvua dagaa kwa taa katika usiku usio na mwezi. "The men fish at night": wanaume huvua usiku. "The men sell the fish": wanaume huuza samaki. Neno "fish" ni lile lile, wala halikubadilika hata herufi moja. Katika sentensi ya kwanza ni kitendo, kwa maana latuambia watu wafanya nini. Katika ya pili ni jina, kwa maana lataja kitu kinachouzwa, na neno dogo "the" limelitangulia. Kiswahili hakitutatizi hivi, kwani "huvua" na "samaki" ni maneno mbalimbali. Basi tujiulize daima: Je, neno hili lataja kitu, au lasema jambo litendwalo? Likieleza kitu kilivyo, kama "big" katika "the big fish", ni sifa. Likisimama mahali pa jina, kama "they" badala ya "the men", ni kibadala cha jina.

Sasa tutazame nyakati. Sisi tunazo alama zetu: hu, na, me, li, ta. Zitumieni kuwa mizani. "He fishes" ni huvua. Msisahau ile "es" ya mwisho. "He is fishing" ni anavua. "He has fished" ni amevua. "He fished" ni alivua. "He will fish" ni atavua. Lakini mizani hii haipimi kila neno: sisi twasema "anajua", na Mwingereza husema "he knows", hasemi "he is knowing". Tena yako maneno yasiyobadilika machoni. "They read the letter" huweza kuwa habari ya kila siku au ya jana. Ya kila siku hutamkwa "riid", ya jana hutamkwa "red". Katika maandishi tafuteni neno la wakati, kama "yesterday", yaani jana.

Mkulima apata faida gani? Tuseme ameuza pamba yake, naye apewa karatasi atie sahihi. Ikiandikwa "The buyer will pay", mnunuzi atalipa, fedha bado. Ikiandikwa "The buyer has paid", mnunuzi amekwisha kulipa. Mwenye kutia sahihi karatasi ya pili, hali mikono yake ni mitupu, amekiri malipo asiyoyapata.

Basi, enyi wanafunzi, wasomeeni wazee wenu karatasi zao. Kwanza tafuteni kitendo, kisha wakati wake, ndipo mfasiri yaliyosalia. Msipokuwa na hakika, kalamu na ingoje.