Ada Mlangoni pa Zahanati



Tulipoalikwa kuzungumza juu ya afya, baadhi ya wenzetu walituuliza: je, hilo nalo ni jambo la mageuzi? Si kazi ya madaktari hiyo? Kabla ya kujibu, twaomba mtufuate hadi kwenye benchi la zahanati moja ya mashambani, ambayo jina lake tutalihifadhi. Katika miaka ya tisini, mama mmoja wa kanisa letu alifika hapo akiwa na mtoto mwenye homa mgongoni. Aliambiwa alipie kadi, anunue daftari la kuandikiwa maradhi, kisha aende dukani akanunue bomba la sindano. Alikuwa na pesa za kadi na daftari tu. Alirudi nyumbani na daftari lililoandikwa jina la dawa ambayo hakuipata. Daftari hilo tuliliona kwa macho yetu. Lilikuwa na ukurasa mmoja tu ulioandikwa.

Amri ya kulipa ilitoka wapi? Miaka miwili baada ya Uhuru, yaani mwaka 1965, serikali iliondoa ada ya matibabu kwa wagonjwa wa nje katika zahanati na hospitali zake. Maradhi yalikuwa yametangazwa kuwa adui wa taifa pamoja na ujinga na umaskini. Lakini kufikia miaka ya themanini hazina ilikuwa imekauka, madeni yamezidi, na wakopeshaji walikuwa na masharti yao. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilichapisha ajenda iliyozihimiza nchi maskini kumtoza mgonjwa sehemu ya gharama. Mwezi wa Desemba 1989 ada ikarudi Kenya kwa jina la kupendeza: kugawana gharama. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, na mwananchi aliyeona uchungu wa jambo hilo hakuwa na mlango wa kupigia hodi.

Tuwe waadilifu katika kusema. Si kila aliyeunga mkono ada alikuwa na moyo mbaya. Zahanati nyingi zilikuwa hazina hata dawa ya kutuliza maumivu, na ilidhaniwa kwamba shilingi chache za mgonjwa zingejaza rafu. Isitoshe, hospitali za makanisa yetu wenyewe zilikuwa zikitoza ada miaka mingi kabla ya hapo. Hatuwezi kuinyoshea serikali kidole huku tukikificha kijitabu chetu cha risiti.

Lakini tazameni yaliyotokea. Katika kliniki ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti walihesabu wagonjwa kabla ya ada, wakati wa ada, na baada ya ada kusimamishwa mwezi wa Septemba 1990. Katika miezi ya ada, wanaume waliofika walipungua hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Kumbukeni miaka hiyo ilikuwa miaka gani. Virusi vya ukimwi vilikuwa vikienea, na kidonda cha zinaa kisichotibiwa huvifungulia njia. Watu hao waliofukuzwa na ada walikwenda wapi na maradhi yao? Walirudi nayo majumbani. Maradhi ya kuambukiza hayana habari na nani amelipa.

Hata hivyo ada ikaanza kurejeshwa mwaka 1992, sasa ikiitwa malipo ya matibabu. Waraka ulisema maskini wasamehewe, na kwenye karatasi msamaha huo ulikuwapo. Ila aliyepaswa kumsamehe mgonjwa ndiye yule yule aliyetegemea pesa hizo kununua pamba na mafuta ya taa. Mgonjwa naye hakuambiwa kwamba ana haki ya kuomba. Mnastaajabu kwamba waliosamehewa walikuwa wachache?

Sasa tuwape mfano wa pili, kwa maana wako wanaosema kwamba cha bure hakithaminiwi. Ni habari ya vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu. Watafiti walifuatilia watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya nne, zikiwamo Bondo, Kwale na Makueni. Mwaka 2004, vyandarua vilipouzwa hasa madukani, ni watoto 7 hivi katika kila 100 waliolala chini yake. Vilipouzwa kwa bei nafuu katika kliniki za akina mama, idadi ilifika 23 au 24 mwaka 2005. Mwaka 2006 serikali iligawa vyandarua zaidi ya milioni 3 bure, na watoto waliolala salama wakafika 67 katika kila 100. Tena mtoto wa fukara alikaribia kuwa sawa na mtoto wa tajiri, jambo ambalo duka halikuweza kulifanya. Akina mama hawakuvifanya nyavu za kuku, kama wenye dhihaka walivyotabiri. Waliwafunika watoto.

Twasisitiza mfano huo kwa sababu nchi ilikuwa ile ile, maskini vile vile, na mbu ni wale wale. Kilichobadilika ni uamuzi wa nani abebe gharama. Na hapo ndipo tunapowajibu wenzetu waliotuuliza: uamuzi wa nani abebe gharama ni uamuzi wa utawala.

Ada yenyewe imepanda na kushuka tangu hapo. Mwaka 2004 ilipunguzwa ikawa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya. Mwezi wa Juni 2013 ikafutwa katika ngazi hizo, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bila malipo. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kuna jambo tulilochelewa kuling'amua. Zahanati isiyotoza ada yahitaji pesa kutoka mahali pengine, na pesa hizo zahitaji mlinzi.

Hebu tuangalie nani alizishika. Katika mpango wa awali, robo tatu ya makusanyo ilibaki katika hospitali au kituo kilichokusanya, na robo ikawa ya huduma za kinga wilayani. Bodi za afya za wilaya ziliundwa mwaka 1992 kusimamia pesa hizo, lakini wajumbe wake waliteuliwa kutoka juu. Kuanzia mwaka 2010 pesa zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vya afya, na baadaye zahanati, chini ya kamati zenye wananchi wa mahali hapo. Wauguzi wengi waliona, kwa mara ya kwanza, wakiweza kumlipa mfagiaji na kununua sabuni bila kusubiri barua. Kisha serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, mahali pengi mapato ya hospitali yakaingizwa katika mfuko mkuu wa kaunti, na kuyatoa humo kukawa safari ndefu. Ilibidi itungwe sheria mwaka 2023 ili hospitali na zahanati ziruhusiwe kubaki na mapato yao. Sisi tuliopigania ugatuzi hatuna budi kulikiri hilo: madaraka yalishuka kutoka Nairobi, yakakwama katika makao makuu ya kaunti.

Katika mwaka huo wa 2023 walizinduliwa pia wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wa kupita nyumba kwa nyumba, na wakaahidiwa posho. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa bure, zaidi na wanawake, wengi wao waumini wa makanisa haya. Tuliwasifu madhabahuni, hatukuwauliza wanakula nini.

Na tangu Oktoba 2024 tuna bima mpya ya afya ya jamii. Sheria yake yasema huduma za zahanati na vituo vya afya zilipiwe na serikali, naye mwananchi asiye na ajira rasmi achangie si chini ya shilingi 300 kwa mwezi ili apate matibabu ya hospitali. Mchango huo uliagizwa ulipwe wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600 angalau. Mchuuzi wa mboga azitoe wapi kwa siku moja?

Tunawaomba, basi, mfanye kazi ndogo mtakaporudi makwenu. Kila kigango na kila kikundi kiteue watu wawili waende kwenye zahanati iliyo karibu. Waulize majina ya wanakamati, walichaguliwa lini na nani, na wamekutana mara ngapi mwaka huu. Waombe kuona hati ya dawa zilizopokelewa mara ya mwisho, na kiasi cha pesa kilichoingia benki. Wamwendee muuguzi kwa upole, maana mara nyingi yuko peke yake na foleni ni ndefu. Kisha waketi kwenye lile benchi asubuhi nzima, wahesabu wangapi wametumwa dukani.

Hesabu hizo mtuletee katika mkutano ujao.