KUJITWISHA MZIGO
Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na walimu, Tabora

Hatukuja kujisifu, maana safari yetu ilikuwa ndogo. Tulikwenda watu wawili, toka Tabora hata Ujiji, mizigo yetu mgongoni, nasi tumerudi na neno moja ambalo twaona halifai kufichwa.

Mmoja wetu ni Mnyamwezi wa hapa Unyanyembe, na mwenzake ni Mzaramo wa pwani. Mwajua ya kuwa sisi tu watani, na utani huu ulikuzwa na njia ya misafara. Mnyamwezi akiugua mbali na kwao, mtani alimwuguza. Akifa, mtani alimzika. Basi tulipofunga mizigo tuliapiana kwa mzaha kwamba atakayechoka kwanza atazikwa na mwenziwe.

Siku ya kwanza tulikwenda Kwihara kwa miguu. Njiani tulikutana na watoto wakitoka shule, wakatucheka na kupiga kelele, "Wapagazi hao!" Mzaramo akacheka nao. Mnyamwezi hakucheka. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, naye utotoni alipotaniwa kwa jina hilo alikana, akasema kwamba kwao hapakuwa na mtu wa kazi ile. Haya hiyo alikuwa nayo mpaka siku ile.

Huko Kwihara tuliitazama nyumba ya tembe iitwayo kwa jina la Livingstone. Yeye na Stanley walifika hapo pamoja mwezi wa Februari 1872, na Stanley akaenda zake pwani mwezi wa Machi. Livingstone akabaki hata mwezi wa Agosti. Alikuwa akingoja nini? Alikuwa akingoja watu wa kumchukulia mizigo, ambao Stanley aliwaandika Unguja na kumpelekea. Walipofika, akaondoka. Mwaka uliofuata alikufa, na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakamchukua maiti, wakapita naye hapa Unyanyembe, wakamfikisha Bagamoyo Februari 1874. Msafiri alisifiwa ulimwenguni kote, lakini bila mabega ya watu wengine hakuweza kwenda mbele akiwa hai, wala kurudi kwao akiwa amekufa.

Tulipokuwa Kwihara tuliomba mizani dukani, tukapima mizigo yetu. Mmoja ulikuwa kilo 12, na wa pili kilo 13. Mzigo wa mpagazi, kwa desturi, ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Jioni, tukirudi mjini, Mzaramo alipata malengelenge miguuni. Mnyamwezi akachukua mizigo yote miwili, kilo 25, akafika mjini hawezi hata kusema. Naye alikuwa bado hajafikia mzigo wa mtu mmoja wa zamani, aliyetembea toka hapa hata Bagamoyo, si saa mbili bali miezi.

Toka Tabora tulipanda treni. Reli ilifika hapa mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, nayo ndiyo iliyoondoa misafara ya miguu. Tulipita Malagarasi, mto ambao zamani misafara ilivushwa kwa mitumbwi na kulipa ushuru. Tukapita Uvinza penye chumvi, ambayo watu wamekuwa wakiipika kwa zaidi ya miaka elfu. Toka Kigoma tukajitwika tena, tukatembea hata Ujiji chini ya miembe na michikichi, tukakaa ufukoni kulitazama ziwa.

Hapo tukabishana. Mzaramo akasema, "Njia hii ni ya watumwa. Pana fahari gani?" Nasi hatutaki kuficha jambo hilo. Watumwa walipitishwa hapa, wengine shingoni wana minyororo, na wengine walitwishwa pembe. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hii UNESCO, katika orodha ya mahali panapongojea kukubaliwa, nayo imeitwa njia ya watumwa na pembe za ndovu. Kwihara na Ujiji zimo. Jina hilo ni la kweli, lakini halikutimia. Maelfu ya Wanyamwezi na Wasukuma walijiajiri kwa hiari yao, wakapatana ujira wa nguo kabla ya kujitwika. Posho ikipunguzwa, walitua mizigo wakakataa kwenda. Kijana aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Hao walikuwa mafundi wa kazi yao, wala hawakuwa watumwa.

Jina lilipataje kuwa tusi? Twaona kwamba Vita vya 1914 hata 1918 vina sehemu kubwa. Wakati ule Wadachi, Waingereza na Wabelgiji walikamata watu kwa nguvu kuchukua mizigo ya askari, na wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, kule Dar es Salaam, ni ukumbusho wa wachukuzi wa jeshi la Waingereza. Basi kazi iliyokuwa ya kupatana ikawa ya kuburutwa, na watoto wakarithi aibu, wasirithi sifa.

Kwa hiyo twawaomba mambo mawili. Walimu, wapeni wanafunzi daftari, wawaulize wazee wa kwao: ni nani katika ukoo aliyekwenda pwani, na alirudi na nini? Majina hayo yaandikwe sasa, maana waliosikia habari hizi kwa baba zao wanazidi kupungua. Nanyi wazee, msione haya kusema.

Mnyamwezi amekwisha kuanza. Tuliporudi alikwenda kwa shangazi yake kuuliza jina la babu yule, akaambiwa, akaliandika. Mzaramo ndiye aliyeshika kalamu, maana mkono wa mwenzake ulikuwa ukitetemeka.