Tuliyojifunza Mohoro: Hotuba juu ya Malezi ya Skauti



Kamati ya maadhimisho imetuomba tuseme machache juu ya seva, yaani utumishi usiongoja malipo. Neno hilo hutajwa sana ndani ya ukumbi huu, hasa siku za sherehe, wakati wa kugawa chakula na kupanga viatu vya wageni mlangoni. Sisi tumeona tulieleze kwa habari ya watoto wa skauti wa Mohoro, kwa kuwa huko ndiko tulikofundishwa kwamba kujitolea ni kazi yenye kanuni zake, na kwamba nia njema peke yake yaweza kumzamisha mtoto wa mtu.

Wengi wenu mna wazazi au mababu waliofungua maduka kando ya Mto Rufiji. Walinunua mpunga, nazi na nta. Waliuza nguo, chumvi na mafuta ya taa. Watu wa huko walituita Mabanyani, nasi hatukuchukia. Mohoro ulikuwa mji wa serikali wakati wa Wajerumani, na ni huko Mohoro, tarehe 4 Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikonyongwa, siku chache baada ya Vita vya Maji Maji kuanza katika milima ya Umatumbi. Katika siku zile zile maduka ya Wahindi huko Samanga, pwani, yalivamiwa. Tunayataja haya kwa sababu mtoto wa Mohoro anaposimama mstarini kumsikiliza mtu wa dukani, yeye na mtu huyo wote wawili wamerithi kumbukumbu. Mlezi asiyeijua historia ya mahali atadhani kuaminiwa ni haki yake.

Familia yetu ilihamia Dar es Salaam katika miaka ya 1970, lakini biashara ya mpunga ilitufanya turudi Mohoro kila msimu. Katikati ya miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa shule ya msingi alituomba tusaidie kuanzisha kundi la skauti, kwa kuwa alijua kwamba tulivaa skafu tulipokuwa shule ya sekondari. Tukawa walezi watatu: yeye mwalimu, muuguzi wa zahanati aliyewaangalia wasichana, na sisi wa dukani. Tulianza na watoto 22.

Yafaa tukumbushane asili ya jambo lenyewe. Robert Baden-Powell alifanya kambi yake ya kwanza mwezi Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akiwa na wavulana wapatao 20. Baadhi yao walikuwa watoto wa matajiri, na wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Aliwachanganya, akawagawa katika vikundi vidogo, na kila kikundi akakipa kiongozi wa rika lao. Huo ndio msingi wa uskauti mpaka leo: mtoto huongozwa na mtoto mwenzake, na mtu mzima hukaa kando akitazama. Muasisi huyo alimalizia uzee wake jirani na sisi, huko Nyeri nchini Kenya, alikofariki tarehe 8 Januari 1941 na ndiko alikozikwa.

Msingi huo ni mwepesi kuusoma na mzito kuutenda. Mtu mzima hupenda kufanya mwenyewe. Mtoto akifunga fundo vibaya, mkono wetu hutangulia ulimi. Na mfanyabiashara ana ugonjwa wake zaidi: amezoea kuamuru.

Mwaka wa kwanza tulikutana na maswali matatu ya wazazi. Swali la kwanza lilihusu dini: je, Banyani huyu anataka kuwafundisha watoto wetu miungu yake? Tuliwaeleza kwamba ahadi ya skauti humtaka kila mtoto atimize wajibu wake kwa Mungu kwa mujibu wa imani ya kwao. Maneno hayakutosha. Kilichotosha ni vitendo: jua lilipotua kambini tulinyamaza, watoto wakatawadha na kuswali Magharibi, na shughuli haikuendelea mpaka walipomaliza.

Swali la pili lilihusu chungu. Wao wana masharti yao ya nyama, nasi hatuli nyama kabisa. Muuguzi wetu akalimaliza kwa sentensi moja: kambini tutapika wali na maharage ya nazi. Katika miaka yote hakuna mtu, wa kwao wala wa kwetu, aliyewahi kukosa kula.

Swali la tatu lilikuwa gumu kuliko yote, nalo liliulizwa na mama mmoja mkulima: "Watoto mkiwachukua Jumamosi, nani atafukuza ndege shambani?" Mliofika Rufiji mmeyaona madungu, vile vibanda virefu juu ya nguzo ambamo watu hukaa wakilinda mpunga dhidi ya ndege, nyani na nguruwe. Mtoto akitoka dunguni, chakula cha nyumba hupungua. Tukahamishia mkutano alasiri ya Ijumaa, na majira ya mavuno tukasimamisha kambi zote. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba anayejitolea kweli hujipanga kwa kalenda ya anayehudumiwa.

Ndugu zetu, mpaka hapa tumejisifu kidogo. Sasa tuseme lile tulilolifanya vibaya.

Katika mwaka wa tatu tuliandaa safari ya mitumbwi kushuka mto kuelekea vijito vya mikoko. Tulikwenda walezi wawili wanaume na wavulana 14. Tulikuwa na mkate, maji ya kunywa, kamba na sanduku la dawa. Asubuhi ile mvulana wa miaka 13, kiongozi wa kikundi kimojawapo na mtoto wa mvuvi, alitusogelea akasema kwa adabu: "Mwalimu, leo ni bamvua. Maji yakianza kupwa hayatatungoja." Tulimjibu kwamba tumekwisha kupiga hesabu. Na kweli tulikuwa tumepiga hesabu, lakini ya saa. Ya mwezi hatukuipiga. Wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kijito chenye kina asubuhi huwa tope tupu baada ya saa chache.

Ndivyo ilivyokuwa. Mitumbwi ilikwama katikati ya mikoko. Tope lilimfika mtu mapajani. Mvulana mmoja alishuka bila ruhusa ili asukume, akazama mpaka kifuani. Wenzake walimvuta kwa kamba, kwa fundo tulilowafundisha, nasi tukabaki tunatetemeka. Usiku ukaingia. Tulisikia viboko wakivuma upande wa mto, na mbu hawakutuacha. Yule mtoto wa mvuvi ndiye aliyewapanga wenzake: wadogo katikati, wakubwa pembeni, nyimbo zisikome ili asiwepo wa kulala na kudondoka. Kabla ya alfajiri maji yalijaa, tukaelea, tukarudi.

Ukingoni tulikuta wazazi na taa zao. Hakuna aliyetutukana. Ingekuwa afadhali watutukane. Mama wa yule aliyezama alimshika mwanawe mkono, akatutazama, akasema: "Mlimchukua wangu mkampeleka msikokujua." Akaondoka naye. Mtoto yule hakurudi tena katika skauti.

Siku ya tatu wazee walituita barazani. Tulikwenda tukiwa tumejiandaa kuambiwa tufunge kundi, nasi tulikuwa tayari kukubali. Tuliomba radhi bila kusingizia bahari. Wazee walishauriana, kisha wakatupa masharti manne. La kwanza, kila safari ya majini iwe na mvuvi mwenyeji, naye ndiye atakayeamua kwenda au kutokwenda. La pili, kila mzazi aambiwe njia, saa na chombo, na akubali kwa kinywa chake. La tatu, mtoto asiachwe na mlezi mmoja peke yake, mchana wala usiku. La nne lilitoka kwa mzee kuliko wote: "Mtoto akisema pana hatari, mkubwa asimame kwanza, ndipo aulize."

Tulipokuja kuyapitia mafunzo ya walezi wa skauti, tulikuta mengi ya masharti hayo yamo. Mafunzo hayo yalianza mwaka 1919 katika bustani ya Gilwell, karibu na London, baada ya kuonekana kwamba mlezi naye lazima afundishwe. Anayehitimu huvishwa shanga mbili za mti, ambazo asili yake ni mkufu wa Dinizulu, chifu wa Wazulu. Kanuni ya walezi wawili inafuatwa leo na skauti wa nchi nyingi ili kuwalinda watoto wasidhuriwe. Wazee wa Mohoro hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha skauti. Walikuwa wazazi.

Kundi likaendelea. Walezi wakabadilika, mwalimu alihamishwa, muuguzi akastaafu, mvuvi mmoja akaongezeka, nasi tukaendelea kuvuka kwa pantoni pale Ndundu mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Watoto walikua, wakaoa na kuolewa. Wengine wako Ikwiriri, Kibiti na Mbagala; wengi wamebaki mtoni.

Mwezi Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika. Mnajua habari hizo, maana mlichanga katika ukumbi huu huu. Mohoro ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana: mashamba yalizama, nyumba zikaingia maji, watu wakahama kwa mitumbwi. Mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikaja juu ya msiba ule ule, na barabara kuu ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga.

Wiki ile ya mwanzo tulijaza gari nguo zilizotumika, tukataka kuondoka usiku huo huo. Kabla hatujawasha injini tulimpigia simu yule mtoto wa mvuvi, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wanne. Alitusikiliza, kisha akasema: "Wazee wangu, shikamooni. Leo msije. Nguo zipo. Tunataka vyandarua, dawa ya kutibu maji, sufuria kubwa na kamba. Nitawaambia siku ya kuja." Tulisimama kwanza, ndipo tukauliza. Tukashusha nguo, tukanunua alivyovitaja, tukangoja siku tatu mpaka alipopiga simu.

Tulipofika tulimkuta na wenzake kumi hivi wa zamani wa kundi. Hakuna aliyevaa skafu. Walikuwa wameandika majina ya kaya katika daftari la shule, wamegawana mitumbwi, na kila mtumbwi ulikuwa na watu wazima wawili. Wazee na wajawazito walitangulizwa. Hatukuwa na la kuwafundisha. Tulipewa kazi ya kuhesabu sufuria, tukahesabu.

Tungependa kuwaambia kwamba tulimkuta pia yule mvulana aliyezama topeni, na kwamba mama yake alitusamehe. Haikuwa hivyo. Mama alikwisha fariki miaka kadhaa kabla. Mwanawe tunakutana naye mara moja moja. Hutuamkia vizuri, hupokea salamu zetu, na hapiti hapo. Deni hilo liko kwetu, nasi tumezoea kulibeba bila kumtaka mwenyewe alifute ili sisi tulale vizuri.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kuwa maadhimisho ni wakati wa kuweka nia, tunaomba mambo matatu.

Kwanza, wafanyabiashara wenzetu: tumezoea kutoa hundi, na hundi zinahitajika. Lakini kundi la watoto linahitaji mtu yule yule, kila wiki, mwaka hadi mwaka. Anayekuja siku ya kupiga picha na kupotea humfundisha mtoto kwamba wakubwa hawaaminiki. Kama huwezi kutoa mwaka mzima, toa fedha na useme ukweli.

Pili, anayetaka kuwalea vijana, wa hekalu hili au wa mtaa wowote, akubali kwanza kuchunguzwa na kufundishwa. Asione ni dharau. Sisi tulikuwa watu wa heshima, tena tulijulikana tangu enzi za babu, na bado tuliwapeleka wana wa watu topeni.

Tatu, ninyi vijana mliokaa karibu na mlango. Mkiona wazee tunakosea, njooni mtuambie kwa adabu, kama alivyofanya mtoto wa mvuvi. Tusiposikia mara ya kwanza, semeni tena.

Tunawashukuru wakazi wa Mohoro waliotuacha tuendelee baada ya usiku ule. Mwenyezi Mungu awajaalie mavuno mema, na alibariki hekalu letu lidumu kuwa nyumba ya watu wanaotumikia.