NANI MWENYE KUTOA RUHUSA?
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama tawini



Tumetakiwa tuseme juu ya mafuta, nasi tutaanzia Arusha, mji usio na kisima cha mafuta hata kimoja. Wako watakaocheka. Lakini twataka kujua ni nani atoaye ruhusa ya kuchimba, na ni nani asikilizwaye akisema hataki. Na jambo hilo limepimwa Arusha mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Novemba 1951. Serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima Meru, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilitiwa moto. Wameru walikuwa wameambiwa, wakakataa, na kukataa kwao kukahisabiwa si kitu. Wakachanga fedha zao, na mwaka 1952 wakamtuma Bwana Kirilo Japhet mpaka New York, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa, kwani Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Safari ile haikuwarudishia ardhi, lakini tangu hapo hakuna mtawala aliyeweza kusema kwamba watu wa Meru waliridhika.

Mara ya pili ni juzi tu. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki hukaa Arusha, na mwezi wa Novemba 2020 jumuiya nne za raia wa Uganda, Kenya na Tanzania zilipeleka huko shauri la bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, na zaidi ya 1,100 zimo Tanganyika. Mafuta yenyewe huganda kama nta, hata bomba lazima lipashwe moto njia nzima. Wadai walisema kwamba watu hawakushauriwa ipasavyo, na kwamba maji na ardhi vimo khatarini. Tarehe 29 Novemba 2023 shauri likatupwa. Mahakama haikusema kama bomba ni jema au baya. Ilisema wadai wamechelewa, maana Mkataba wa Jumuiya humpa raia miezi miwili tu, na serikali mbili zilitiliana saini tangu 2017. Wakakata rufaa.

Miezi miwili! Sisi wenye maduka humpa mteja wa sukari muda mrefu kuliko huo kabla ya kumgongea mlango.

Tutazame na Marekani, ambako wengi hudhani kila mji hujiamulia. Huko hupasua mwamba chini kabisa kwa maji, mchanga na dawa vinavyosukumwa kwa nguvu, ili mafuta na gesi vitoke. Mji mdogo wa Dryden, jimbo la New York, ulikataza kazi hiyo mipakani mwake. Kampuni ikashitaki, na mwaka 2014 mahakama kuu ya jimbo ikaupa mji haki. Mwaka huo huo wapiga kura wa Denton, Texas, nao walikataza. Mwezi wa Mei 2015 jimbo la Texas likatunga sheria ya kuinyang'anya miji uwezo huo, na kura ya Denton ikawa karatasi tupu. Watu wale wale, kazi ile ile. Iliyotofautiana ni sheria iliyo juu yao.

Na ya juu yetu je? Mafuta yaliingizwa katika orodha ya mambo ya Muungano mwaka 1968. Aprili 2009 Baraza la Wawakilishi liliazimia yatolewe. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Petroli iliyoiachia Zanzibar isimamie mafuta yake, nasi tukatunga yetu mwaka 2016. Oktoba 2018 mkataba ukatiwa saini na kampuni ya Ras al-Khaimah juu ya kitalu cha Pemba na Unguja. Walioshangilia walikuwa na sababu. Ila sheria ile ya 2015 haikuyatoa mafuta katika orodha ya Katiba. Kuigusa orodha ile kwahitaji thuluthi mbili za wabunge wa Bara na thuluthi mbili za wabunge wa Zanzibar, lakini sheria ya kawaida hufutwa kwa wingi wa kawaida. Tulichopewa kwa mkono huu, mkono huo huo waweza kukitwaa, kama Denton.

Basi twataka Katiba yenyewe itamke. Twataka pia kila mkataba utangazwe siku utiwapo saini, na wavuvi wa Pemba waulizwe kabla ya meli ya utafiti kutia nanga, wala wasiitwe baadaye kupokea fidia.

Nakala za sheria mbili hizo, ya 2015 na ya 2016, zimewekwa kwa katibu wa tawi. Zitasomwa kwa sauti, kifungu kwa kifungu, baada ya sala ya Isha kila Alkhamisi, na kila mkataba utakaosikika umetiwa saini utaandikwa tarehe yake ubaoni siku hiyo hiyo.