Miguu Ikifa Ganzi, Tusikatize Matibabu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Nina jambo nililolikuta nikitembelea nyumba za watu. Mtoto ana saratani ya damu, ile inayoitwa lukemia. Ameanza dawa, homa imeshuka, anacheza. Baada ya majuma machache anaanza kujikwaa, vifungo vya shati vinamshinda, taya linamuuma. Jirani anasema, "Hiyo dawa inamlemaza." Mwingine anasema amerogwa. Mama mmoja alisikia hayo akamweka mtoto nyumbani miezi miwili. Ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na kabla ya mwaka kwisha tulimzika.

Basi tuelewe. Dawa moja kati ya hizo ni vinkristini. Huzuia chembe za saratani zisigawanyike, lakini huumiza mishipa ya fahamu pia. Ile mirefu, ya miguu na mikono, ndiyo huumia kwanza. Hata ya tumbo huguswa, choo kikafunga. Mara nyingi hali hii hupungua polepole sindano zikiisha, ingawa huweza kuchukua miezi mingi. Saratani ikiachwa haipungui.

Tufanye nini?

Kwanza, tumwambie daktari mapema. Yeye ndiye anayeweza kupunguza kipimo au kuahirisha sindano, si sisi. Tumwonyeshe kila dawa nyingine, hata ya miti shamba. Dawa fulani za ukungu, kama itrakonazoli, huzidisha madhara haya.

Pili, choo. Tumpe maji ya kutosha, matunda na mboga zilizosafishwa vizuri, na tuombe dawa ya kulainisha choo. Tusimpige bomba wala kumtia kitu chochote huko nyuma, maana anaweza kutoka damu au kupata maambukizo.

Tatu, miguu isiyosikia haijui moto wala mwiba. Mama apime maji ya kuoga kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto avae viatu vya kufunga, si slipa, na kila jioni tumkague nyayo. Asikae karibu na jiko.

Nne, mazoezi. Mtaalamu wa viungo atatuonyesha jinsi ya kunyoosha nyayo ili zisikakamae.

Lakini akipata degedege, akichanganyikiwa, akilegea upande mmoja, au akipata homa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Tusingoje kliniki.

Sasa, wana-kikundi, mama huyu anahitaji nini kwetu? Nauli, jamani! Matibabu haya huchukua miaka miwili au zaidi, na wengi hukatiza kwa kukosa nauli kuliko kwa kukosa imani. Tutenge kidogo kutoka mchango wa kila mwezi. Tumlimie shamba kwa zamu akiwa wodini. Na tukisikia mtu anasema mtoto amelemazwa, tumweleze haya tuliyozungumza.

Kidole kimoja hakivunji chawa.