Mvinyo mchanga haupimwi kwa utamu

Wahenga walituachia msemo kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Juma hili nataka tuupime msemo huo kwa kitu ambacho wengi wenu hamjapata kukionja, na wengine kwa imani yenu hamtakionja kamwe, nacho ni mvinyo wa Porto wa nchi ya Ureno. Msifunge redio. Siwaiti kunywa. Kwa kweli kazi ninayotaka kuieleza hufanywa na watu ambao karibu kila wanachoonja hukitema ndooni. Nataka tuzungumze juu ya kazi ya kuhukumu kitu kichanga: kukitazama leo na kusema kitakuwaje miaka thelathini ijayo. Kazi hiyo niliifanya kwa ulimi wangu mwenyewe katika miaka tisa niliyoajiriwa kwenye ghala moja la mvinyo mjini London.

Tuanze na mahali penyewe. Mto Douro huanzia Hispania, hukatiza kaskazini ya Ureno, na kuingia bahari ya Atlantiki penye mji wa Porto. Huko juu bondeni milima ni mikali, mawe yake hupasuka vibamba vibamba, na mizabibu imepandwa kwenye matuta yaliyochongwa kwa jasho la vizazi vingi. Serikali ya Ureno iliweka mipaka ya eneo hilo tangu mwaka 1756, wakati wa yule waziri mwenye nguvu aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal. Mwaka 2001 UNESCO ililiingiza bonde hilo katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa sikilizeni jinsi mvinyo wenyewe unavyotengenezwa, maana hukumu yote inatokana na hapo. Zabibu zikishavunwa, hukanyagwa. Yako makampuni yanayotumia mitambo siku hizi, lakini kwa mvinyo ulio bora kabisa wengi bado hutumia miguu ya watu, wakiwa wamesimama mpaka mapajani ndani ya mabirika mapana ya mawe. Maji ya zabibu huanza kuchachuka, sukari ikigeuka kuwa kileo. Lakini kabla sukari haijakwisha, kwa kawaida baada ya siku mbili au tatu tu, humiminwa pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77. Kipimo cha jadi ni lita 115 za pombe hiyo kwa kila lita 435 za maji ya zabibu. Chachu hufa hapo hapo, sukari iliyobaki hubaki, na mvinyo hutoka ukiwa mtamu na wenye kileo cha kama asilimia 20.

Siku mbili au tatu, wasikilizaji. Ndani ya muda huo mfupi lazima rangi yote na ukakasi wote uliomo katika maganda uwe umekwisha kutolewa. Ndiyo sababu wakanyagaji hawapumziki ovyo. Wakizembea usiku mmoja, mvinyo utazaliwa mtamu lakini hauna mifupa.

Neno ukakasi nalihitaji sana leo, basi tulielewe vizuri. Umepata kula bibo, au zambarau ambayo haijaiva sawasawa? Ile hali ya kinywa kukauka, ulimi kuwa kama umepakwa vumbi na meno kama yamevikwa kitambaa, ndiyo ukakasi. Wataalamu wanasema unaletwa na kitu kinachoitwa tanini, ambacho hushikana na mate yako na kuyaondolea ule utelezi wake. Chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake ndani ya birika ina tanini hiyo hiyo.

Mvinyo mwingi wa Porto hukaa katika mapipa, huchanganywa miaka mbalimbali, na ukitiwa chupani huwa tayari kwa kunywewa. Lakini uko wa aina moja ambao ndio mfalme wao. Huo hutokana na mavuno ya mwaka mmoja tu, na mwaka wenyewe lazima uwe bora. Hukaa pipani kama miaka miwili, kisha hutiwa chupani bila kuchujwa, na kukua kwake kote kunakobaki hufanyika gizani, ndani ya chupa. Kila kampuni huamua yenyewe kama itautangaza mwaka fulani, na sampuli lazima zipitishwe na taasisi ya serikali inayosimamia mvinyo wa Douro na Porto. Kwa kawaida hutangazwa kama miaka mitatu katika kila kumi. Mwaka 2011 ulitangazwa. Miaka ya 2016 na 2017 ilitangazwa na makampuni mengi kwa mfululizo, jambo ambalo ni nadra sana katika historia yao.

Basi mwonjaji anaitwa wakati mvinyo huo una miaka miwili au mitatu. Mbele yake ziko glasi ishirini, zote nyeusi kama wino. Anaulizwa: upi utafika miaka arobaini na upi utachoka ukiwa na kumi na tano?

Mtu asiyejua ataonja na kuchagua ulio mtamu na laini. Hilo ndilo kosa la kwanza. Mvinyo ulio laini ukiwa na miaka miwili hauna kitu cha kulainika baadaye. Miaka ndiyo kazi yake kulainisha: zile tanini huungana zenyewe kwa zenyewe, na huungana na rangi, zikawa nzito, kisha zikashuka chini ya chupa kuwa mashapo. Ndiyo maana chupa ya zamani humiminwa taratibu, mashapo yabaki nyuma, na ndiyo maana mvinyo uliokuwa mweusi huja kuwa mwekundu na hatimaye rangi ya kahawia. Ule usio na tanini za kutosha hauna akiba. Kila mwaka unapopita huukuta mikono mitupu.

Aliyesoma kidogo hufanya kosa la pili, na hili ndilo baya zaidi kwa sababu linafanana na elimu. Akiisha kuambiwa kwamba ukakasi ndio nguvu, basi kila unaomkausha kinywa huusifu. Sivyo hata kidogo. Ukakasi ni kuta za nyumba, lakini nyumba si kuta peke yake. Mvinyo mkali usio na tunda ndani yake utabaki mkali miaka kumi, kisha tunda lile dogo litakauka, na atakayefungua chupa atakuta ukakasi mkongwe. Ukali wa ujanani si ahadi ya lolote. Tunajua sote vijana wakorofi waliokuja kuwa wazee wakorofi.

Sasa mwonjaji mzuri hufanyaje? Nitawaeleza nilivyofundishwa na mzee mmoja pale ghalani, mtu wa maneno machache. Kwanza tazama rangi, lakini usiiamini peke yake. Pili nusa. Kama kinachokujia mbele ni ile pombe kali, kana kwamba kuna mtu kafungua chupa ya spiriti, jihadhari. Katika mvinyo ulioshikamana, harufu ya tunda na ya maua hutangulia, na kileo hukisikia kama joto la nyuma. Tatu, onja na uushikilie kinywani. Utamu utakuja kwanza, kwa sababu kila lita ina kama gramu 100 za sukari, na sukari ni mwongo hodari, huficha mengi. Ngoja upite. Halafu utakuja ukakasi, na hapa uliza: umeshika fizi na ulimi wote sawasawa, au unakwaruza mahali pamoja? Tafuta pia ule uchachu kama wa ndimu unaofanya mate yatoke. Usipokuwapo, mvinyo utazeeka mzito na wa kuchosha kama shira. Nne, tema, kisha hesabu. Ladha ya tunda ikiondoka kabla ya ukakasi, huo hauna safari ndefu. Ikibaki wakati ukakasi umekwisha kuondoka, uandike jina lake.

Mzee yule alikuwa na kanuni mbili za ziada. Ya kwanza, usiamini glasi ya kumi na tano kama ulivyoiamini ya kwanza, maana ukakasi hujilimbikiza kinywani. Rudi uonje tena ukianzia mwisho. Ya pili, iache glasi mpaka kesho. Mvinyo wenye nguvu, hewa ya usiku mmoja huufungua. Ulio dhaifu utaukuta umelala chali.

Hata hivyo, historia imewaumbua waonjaji mara nyingi. Mwaka 1975 ulitangazwa na makampuni mengi, mwaka mmoja tu baada ya mapinduzi ya Ureno, lakini mvinyo wake ulikuja kuonekana mwepesi na ulikomaa mapema mno. Mwaka 1966 ulikaa katika kivuli cha 1963 uliosifiwa sana, na leo wako wengi wanaoupenda kama ndugu yake mkubwa. Tena mvinyo huu una tabia ya ajabu. Ukiwa mchanga huwa mchangamfu, kisha baada ya miaka michache hujifunga, huwa bubu, hautoi harufu wala ladha ya maana, na unaweza kukaa hivyo mpaka umri wa miaka kumi na tano hivi. Anayefungua chupa katika kipindi hicho hudhani ametapeliwa. Aliyengoja mpaka ishirini na zaidi ndiye anayejua alinunua nini.

Kuna dada mmoja wa Kitanzania, muuguzi katika hospitali mojawapo ya London, aliyekuja siku ya kuonjesha wateja mwaka 2019. Mtoto wake wa kiume alizaliwa mwaka 2017, na alikuwa amesikia desturi ya Waingereza ya kumwekea mtoto mvinyo wa Porto wa mwaka aliozaliwa, aje kuufungua akiwa mtu mzima. Alitaka kununua kasha zima la chupa kumi na mbili, na fedha alikuwa ameziweka kidogo kidogo kutokana na zamu za usiku. Nikamwonjesha mitatu.

"Kaka, huu wa kwanza ndio mtamu," akasema. "Huo wa pili unanikausha meno kama bibo. Wa tatu nao vile vile."

Nikamwambia arudie wa pili na wa tatu, ateme, kisha anyamaze na kungoja. Akangoja. Baadaye akasema, "Wa pili bado nausikia. Wa tatu umeniachia ukavu tu."

"Basi dada, umekwisha kuchagua," nikamwambia. "Wa kwanza ni wako, unywe Krismasi hii. Wa pili ni wa mtoto. Wa tatu uwaachie wenyewe."

Akanitazama. "Na kama sivyo? Mimi nitalijulia wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki, wasikilizaji, na ndilo linalonifanya nizungumze nanyi juu ya jambo hili. Anayetangaza mwaka kuwa bora ndiye anayeuza. Anayeandika alama katika magazeti anaonja mtoto wa miaka miwili na kumpa hadhi ya mzee. Fedha hulipwa leo, hukumu huja kutimia baada ya miaka ishirini, na wakati huo wengi wa waliohukumu wamekwisha kustaafu au wamekwisha kuitwa na Mungu. Ni kazi gani nyingine ambayo mtu hulipwa kabla haijajulikana kama alisema kweli? Mnaweza kuzitaja wenyewe, nyingine hazihusu mvinyo kabisa.

Nilimjibu hivi: asinunue kumi na mbili, anunue nne. Chupa zilazwe ubavu ili kizibo kisikauke, mahali penye giza na ubaridi usiobadilika, wala si kabatini karibu na bomba la joto. Moja aifungue mtoto akiwa na miaka kumi na minane, na akiikuta imenuna asikate tamaa. Nyingine akiwa na ishirini na mitano. Mbili zilizobaki, kijana mwenyewe ataamua. Hivyo kama mimi na waliotangaza mwaka ule tumeona vema, ana akiba. Kama sivyo, hakupoteza zamu zote za usiku.

Kwa hiyo, je, nyota njema huonekana asubuhi? Mimi nasema huonekana, lakini si kwa mwanga tunaoukimbilia. Mnapoletewa kitu kichanga mkihukumu, awe kijana anayetafuta kazi, mradi unaotaka fedha zenu au chama kinachotaka kura zenu, msiulize tu kama ni kitamu. Wala msikisifu kwa sababu tu kina ukali. Ulizeni kama chini ya ukali kuna tunda, na tunda lile linabaki muda gani baada ya maneno kwisha. Kisha ulizeni anayewashawishi analipwa lini.

Wahenga hao hao walisema mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, bali kwanza ahakikishe kwamba alichopanda ni mti unaozaa.

Panapo majaaliwa, tukutane juma lijalo. Kwaherini.