Watoto Wasemezanapo

Leo hatutauliza maswali ya katekisimu. Twataka kusema na wazazi juu ya maneno ya watoto wadogo, jinsi wanavyosemezana wao kwa wao, kwa maana katika jambo hilo sisi wenyewe tulikosa.

Base ya Kamina, ambayo Wabelgiji waliijenga baada ya vita kuu ya pili, ni mahali pa watu wa kila upande. Vijijini kandokando husemwa Kiluba, sokoni, Kiswahili, na jamaa za askari huja na Lingala, lugha ya jeshi tangu enzi ya Force Publique. Watoto wao wote huchezea uwanja mmoja.

Mtoto mmoja wa askari, mwenye miaka sita, alikaa katika mafundisho yetu majuma mengi bila kufumbua kinywa. Tukamwambia baba yake kwamba mwanawe ni mzito wa akili. Baba akampiga.

Jioni moja tulipita uwanjani, watoto wakicheza mpira wa vitambaa. Yule yule bubu wetu alikuwa akipaza sauti, “Pesa! Pesa!” Wenziwe wakacheka, wakidhani anadai feza. Naye akacheka, akauonyesha mpira kwa mikono miwili. Ndipo wakafahamu kwamba kwa Lingala neno hilo maana yake ni kutoa, kumpa mtu kitu. Mmoja akamwambia, “Huku twasema leta.” Akalirudia mara moja, na mpira ukaenda kwake. Sisi hatukupata kumfundisha neno kwa wepesi namna ile.

Bwana wetu aliwaangalia watoto walioketi sokoni, wakiwalalamikia wenzao waliokataa mchezo. Sisi tulikuwa tukipita uwanja ule kila siku, tusisikie kitu.

Tena wako walio wadogo zaidi, wanaosema pamoja bila kujibizana. Watazameni wakipika chakula cha mchanga: huyu ataja sufuria yake, yule mbuzi wake, na hakuna angojaye jibu. Jean Piaget wa Uswisi aliandika habari hiyo katika kitabu cha mwaka 1923. Aliona kwamba mtoto wa umri huo hajaweza bado kujiweka mahali pa mwenzake. Lev Vygotsky wa Urusi alimbishia, akisema kwamba kwa maneno yale mtoto anajisaidia kufikiri. Basi, mama, usimnyamazishe upesi.

Siku hizi katika mafundisho twawaketisha wawili wawili, wafundishane sala kwanza, ndipo watuambie sisi. Kelele ni nyingi, nasi twazivumilia.

Kwa yule askari tulikwenda nyumbani, tukamwomba msamaha mbele ya mwanawe. Mama akatuletea viti. Mtoto akasikiliza kidogo. Kisha wenziwe wakamwita mlangoni kwa Kiswahili, naye akawajibu kwa Kiluba, akatoka mbio.